Mwenye Shida ya Kweli Hana Ugomvi na Njia

Juzi usiku iliingia meseji kutoka namba nisiyoifahamu: "Samahani sana kaka, nilikuwa najisajili nikakosea namba, tarakimu sita zimekuja kwako. Naomba unitumie, nina haraka." Na kweli, muda mfupi kabla yake simu ilikuwa imepokea ujumbe wenye tarakimu sita. Kazi yangu ni kuchunguza malalamiko ya watu waliotapeliwa, miaka nenda miaka rudi, na bado kidole kilishaanza kunakili. Siuiti ujinga. Tumelelewa hivyo: mtu akishasema samahani na naomba, mkono unaenda wenyewe.

Nikajizuia. Nikamjibu: "Rekebisha namba, watakutumia nyingine." Kimya. Halafu akaja: "Kwani unapungukiwa nini ukinisaidia?" Nikarudia jibu lilelile. Akanitukana, kisha akafuta meseji zake zote.

Aliyekosea namba kweli anarudi nyuma, anaandika namba yake sawasawa, anatumiwa tarakimu mpya. Ni kazi ya sekunde chache, na haimhitaji mtu wa tatu. Huyu hakuwa na shida ya tarakimu sita. Alikuwa na shida ya zile zangu. Alichukua namba yangu, akaiandika kwenye programu ya kutumiana ujumbe kana kwamba ni yake, na kilichobaki ni mimi kumfungulia mlango. Ningemtumia, akaunti yangu ingehamia kwenye simu yake, na kabla sijajua kinachoendelea dada zangu wangekuwa wanasoma, kwa jina langu na picha yangu: "Nimekwama, nitumie kidogo, kesho narudisha." Kwa hiyo fadhila ya pili, ile ya pesa, haiombwi na mgeni. Inaombwa kwa jina lako.

(Kama limeshakukuta, jisajili upya mara moja kwa namba yako ili umtoe, wajulishe ndugu kwa kuwapigia, na ukishaipata tena akaunti weka namba ya siri ya hatua ya pili. Matapeli wengine huwahi kuiweka wao, hapo utasubiri siku kadhaa kabla ya kuirudisha akaunti.)

Watu huniuliza tapeli anatambulikaje, wakitarajia niwaeleze sura, lafudhi au makosa ya herufi. Siku hizi wanaandika vizuri kuliko mimi. Mimi siangalii mtu, naangalia ombi. Nakubali kusaidia, ila nabadilisha njia, halafu natulia nione. Mwenye shida anashukuru kwa msaada wowote unaomfikisha anakokwenda. Tapeli anang'ang'ania njia moja tu, kwa sababu shida yenyewe aliitunga ili njia hiyo ipitike.

Chukua yule wa barabarani ambaye simu yake imezima chaji na anaomba apige mara moja tu. Mwambie: "Nitajie namba, nikupigie, uongee kwenye spika." Msaada ni uleule. Akisisitiza umpe simu mkononi, jua anachotaka ni mkono kwenye simu iliyofunguliwa. Sizungumzii kukimbia nayo tu. Dakika moja inatosha kuelekeza simu zako zote ziite kwenye namba nyingine, au kusoma namba ya uthibitisho iliyoingia wakati huohuo kwa sababu mwenzake ameiomba.

Pesa ndizo zinazoniletea watu wengi ofisini. Kuna ile ya "nimekutumia kimakosa, nirudishie." Kwanza tazama salio, usitazame meseji, maana meseji ya kughushi inaweza kuja na jina lolote la mtumaji. Ukikuta pesa zimeingia kweli, bado usizirudishe wewe. Mwambie awasiliane na benki au kampuni iliyozipitisha, ifute muamala wenyewe. Huenda zimetoka kwenye akaunti iliyoibwa, au kwenye hundi ambayo benki imeionyesha kwenye salio kabla haijathibitishwa. Hundi ikirudi baada ya siku au wiki, benki inachukua chake, na zile ulizomtumia zilikuwa zako.

Mbaya zaidi ni fadhila ya kupokelea pesa. Nilikaa na kijana mmoja aliyekuja na taarifa ya akaunti yake imekunjwa mara nne. Rafiki wa mtandaoni, hawajawahi kuonana, alimwomba apokee fedha kwa kuwa akaunti yake "ina tatizo", abaki na kidogo, nyingine azisogeze mbele. Miamala mitatu. Kila mmoja ulitoka kwa mtu aliyekuwa ameshatapeliwa na huyohuyo rafiki. Kijana alirudia mara nyingi, "Nilikuwa namsaidia tu," na nilimwamini. Lakini nyayo zote zilikuwa za kwake: jina, namba, sahihi. Anayefuatilia pesa anafika kwanza kwa mwenye akaunti, na utakatishaji wa fedha, yaani kuzipitisha pesa za uhalifu zionekane halali, si kosa dogo. Kumbebea mtu usiyemjua mzigo uwanja wa ndege ni jambo hilohilo, na adhabu yake mara nyingi ni kali zaidi.

Nilimuuliza kijana, kwa nini hukushtuka? Akaniambia ombi la kwanza lilikuwa amtafsirie sentensi mbili. La pili, amtafutie bei ya kitu. Mwaka 1966 watafiti wawili Wamarekani, Jonathan Freedman na Scott Fraser, walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Walikuwa wakiwaomba wenye nyumba wakubali bango kubwa, baya, la "endesha kwa uangalifu" lisimikwe mbele ya nyumba zao. Walioombwa moja kwa moja, chini ya asilimia 17 ndio waliokubali. Waliokuwa wamekwisha kuombwa kibandiko kidogo chenye ujumbe kama huo, asilimia 76 walikubali. Tapeli hajasoma utafiti huo, ila ngazi anaijua. Ndiyo maana mimi sihesabu ukubwa wa ombi. Nauliza linatumia kitu gani changu: jina, laini, akaunti, au mkono.

Kuhusu kadi za zawadi, zile za kununulia vitu ambazo tapeli anakuomba umnunulie kisha umsomee namba zake, sina maneno mengi. Ukishasoma tarakimu za nyuma ya kadi kwenye simu, umeshatoa pesa taslimu.

Wiki ileile ya yule wa tarakimu sita, mama mmoja alinisimamisha kituoni, simu yake imezima. Nikamwambia, "Nitajie namba, mama, nikupigie." Akafumba macho, akaitaja tarakimu moja moja, akakosea, akaanza upya. Mwanawe alipokea na kuanza kumgombeza papo hapo, mbona amechelewa, wamehangaika kumtafuta, spika iko wazi na kituo kizima kinasikiliza. Mama akaniangalia, akacheka, akasema, "Mwambie nakuja."