Mpaka wa Machimbo ya Kokoto Hauko Kwenye Mwembe

Nenda kwenye machimbo madogo ya kokoto au moramu popote Tanzania, uulize eneo linaishia wapi. Utaonyeshwa kwa kidole: ule mwembe, kile kichuguu, kisha ufuate mfereji. Siku afisa wa madini akija, mwembe hana habari nao. Anafungua leseni, anasoma namba za pembe (vipimo vya latitudo na longitudo vya kona za eneo), anatembea na GPS yake. Ugomvi karibu wote ninaousikia unaanzia hapo, kati ya kidole na namba.

"Shamba ni la baba, basi kokoto ni zetu"

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 (Sura 123) inasema madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na kokoto, mchanga, mawe na udongo wa kujengea vimo humo kama madini ujenzi. Mzee analimiliki shamba, ndiyo, lakini kilicho chini yake si chake kuuza kwa tipa.

Wenye leseni wakisikia hivyo hufurahi mapema mno. Leseni nayo haimpi mtu ardhi. Ni lazima aelewane na mwenye shamba na amlipe fidia. Tena ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, au mita 50 kutoka kwenye shamba lililolimwa, hachimbi bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali, hata kama nyumba hiyo imo katikati ya leseni yake. Ukikuta mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Toa hizo zote, na leseni ya hekta nne inaweza kukubakishia hekta moja na nusu ya kuchimba. Ni hesabu ya kufanya kabla ya kukodi kijiko, yaani mashine ya kuchimbia.

"Kijiji kimenipa kibali"

Muhtasari wa kikao cha kijiji wenye muhuri unaonyesha kwamba wenyeji wamekubali. Stakabadhi ya ushuru wa halmashauri inaonyesha umelipa ushuru. Vyote viwili vitunze, ila leseni si hivyo. Leseni inatoka Tume ya Madini, iliyoundwa baada ya marekebisho ya sheria ya 2017, na mlango wake mikoani ni ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania tu na inadumu miaka 7, kisha inahuishwa.

"Simu inaonyesha niko ndani"

Hapa ndipo watu waaminifu kabisa wanapopotea, na siwalaumu.

Leseni za madini Tanzania zimezoeleka kuandikwa kwa mfumo wa kupimia uitwao Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Namba zinafanana sura, digrii, dakika na sekunde, lakini zinaanza kuhesabiwa kwenye maumbo mawili tofauti ya dunia. Namba zilezile, zikisomwa kwa mfumo usio wake, zinakusogeza karibu mita 300 kaskazini au kusini, na nyingine kama 90 mashariki au magharibi. Sasa pima: leseni ya hekta nne yenye umbo la mraba ina mita 200 kila upande. Hujakosea kidogo. Umetoka nje kabisa, uko kwenye leseni ya mtu mwingine au kwenye mahindi ya jirani, na simu mkononi inakuhakikishia kuwa uko nyumbani.

GPS ya mkononi ina sehemu ya kuchagua mfumo. Ichaguliwe kabla ya kuingiza pembe. Na usikate desimali za sekunde kwa uvivu. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 30 ardhini, hivyo nusu sekunde inatosha kuzaa kesi.

"Bikoni ndiyo mpaka"

Bikoni ni nguzo inayoonyesha ardhini namba iliyo kwenye leseni. Kijiko kinaweza kuifukia, mvua inaweza kuing'oa, na wapo wanaoihamisha usiku. Bikoni na namba zikitofautiana, mkaguzi anarudi kwenye namba. Kutunza bikoni zionekane ni kazi ya mwenye leseni.

"Nachimba hadi kwenye bikoni, mita ya mwisho ni haki yangu"

Kwenye karatasi ni haki yako. Changarawe haisomi karatasi. Ikiwa na unyevu, ukuta wake husimama wima kama umepigwa plasta, na wachimbaji hudhani ni imara. Ikikauka, au mvua kubwa ikiilowesha, inashuka hadi ikae kwenye mteremko wa digrii kama 35. Ukichimba kina cha mita 8 wima ukiwa umeigusa bikoni, mdomo wa shimo unaweza kurudi nyuma hadi mita 11 hivi kabla ya kutulia, na mita hizo ni za jirani. Hujavuka kwa koleo, umevuka kwa kuporomoka. Anayekuwa chini siku hiyo huwa hapati nafasi ya kubishana kuhusu mipaka. Chimba kwa ngazi, na acha ukanda usioguswa kando ya mpaka.

"Nimelipa mrabaha, hata nikivuka serikali haipotezi"

Mrabaha, yaani malipo kwa serikali kwa madini unayochimba, kwa madini ujenzi ni asilimia 3 ya thamani ya kilichochimbwa. Haununui eneo. Nje ya namba zako wewe na asiye na leseni mko sawa: ni kosa la jinai, na mzigo unaweza kutaifishwa. Ukiwa ndani ya namba lakini umevunja masharti, unaweza kuandikiwa hati ya makosa, na usiporekebisha leseni inaweza kufutwa.

Kama mwamba mzuri unaelekea kwa jirani, omba leseni ya eneo hilo likiwa bado wazi. Likiwa limeshachukuliwa na mkagombana, Tume ya Madini ina mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mpaka kati ya wachimbaji na kuuamua, na itataka kuona vipimo vya pande zote mbili, kwa mfumo mmoja.