Tando nyembamba za oksaidi na elektroniki isiyokula umeme mwingi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Oksaidi ni kihami tu.

Dhana hii imeenea, na chanzo chake kinaeleweka. Oksaidi (oksijeni iliyoungana na elementi nyingine) tunayoiona kila siku ni kutu, na ndani ya chipu za silikoni oksaidi imetumika miaka mingi kama kizuizi cha umeme. Lakini metali mbili au tatu tofauti zikikaa pamoja na oksijeni ndani ya fuwele moja, mambo huwa mengine. Bariamu titaneti, oksaidi ya bariamu na titani, hutunza mwelekeo wa chaji zake (upande ambao chaji chanya na hasi zimesogelea) hata umeme ukikatwa. Bismathi feriti, oksaidi ya bismathi na chuma, ina mpangilio wa sumaku na wa chaji kwa wakati mmoja, tena katika joto la kawaida la chumba. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa maabara ya IBM karibu na Zürich, waligundua kwamba oksaidi ya lanthanamu, bariamu na shaba huanza kupoteza ukinzani wa umeme kwenye kelvini thelathini na kitu (nyuzi 240 hivi za Selsiasi chini ya sifuri), joto la juu kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka uliofuata wakapewa Tuzo ya Nobel.

Dhana: Utando ni kama rangi iliyopakwa ukutani.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami naona ndipo penye uzuri wote wa taaluma hii. Rangi haijali ukuta ulio chini yake. Utando wa fuwele, yaani safu nyembamba ya atomu zilizopangika, unajali sana. Oksaidi nyingi za aina hii zina umbo liitwalo perovskaiti: atomu ndogo ya metali imezungukwa na oksijeni sita, na kizio kimoja cha fuwele, yaani umbo dogo linalojirudia, kina upana wa takriban nanomita 0.4 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kwa kuwa vipimo vya oksaidi hizi vinakaribiana, moja inaweza kukuzwa juu ya nyingine, atomu zikifuata safu za zile zilizo chini. Njia mojawapo ni kupiga kipande cha oksaidi kwa mapigo ya leza ndani ya chemba yenye oksijeni kidogo. Kila pigo hung'oa wingu la atomu ambalo hutua kwenye fuwele ya msingi iliyopashwa moto wa nyuzi 600 hadi 800 za Selsiasi. Wakati huohuo miale ya elektroni humulika uso wa utando, na mng'ao wake hupanda na kushuka kila safu moja inapokamilika. Kwa hiyo mtafiti anaweza kuhesabu safu zinavyojengeka.

Nafasi kati ya atomu za msingi zikiwa pana kidogo kuliko za utando, utando huvutika. Mvuto huo si kasoro, ni chombo cha kazi. Strontiamu titaneti ya kawaida haishiki mwelekeo wa kudumu wa chaji hata ikipozwa hadi karibu na sifuri kamili. Mwaka 2004 watafiti waliikuza juu ya fuwele iliyoivuta kwa takriban asilimia moja, nayo ikaushika mwelekeo huo katika joto la chumba.

Mwaka huohuo watafiti Akira Ohtomo na Harold Hwang walichapisha matokeo ya ajabu zaidi. Walikuza lanthanamu aluminati juu ya strontiamu titaneti. Zote mbili ni vihami, lakini mahali zinapogusana elektroni zilitembea kwa uhuru kama ndani ya metali. Baadaye ilionekana kwamba, kwa msingi wa aina inayofaa, upitishaji huo hujitokeza tu utando wa juu ukifikia unene wa vizio vinne. Vitatu havitoshi. Kwa nini elektroni hizo huja pale ni jambo lililobishaniwa kwa miaka mingi, na sehemu ya ubishi inahusu oksijeni: atomu chache zikikosekana, strontiamu titaneti yenyewe huanza kupitisha umeme. Ndiyo maana sampuli mbili zenye fomula ileile, zilizokuzwa katika shinikizo tofauti la oksijeni, zinaweza kuwa na tabia zisizofanana hata kidogo.

Dhana: Ili kupunguza umeme, inatosha kufanya transista ndogo zaidi.

Kwa miongo kadhaa ilikuwa hivyo. Kila transista, swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu, ilipopungua, volti nazo zilipungua. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 volti ziligoma kushuka kwa kasi ileile. Sababu iko kwenye joto lenyewe: katika joto la chumba, transista ya kawaida inahitaji angalau milivolti 60 ili mkondo wake ubadilike mara kumi. Ukishusha volti mno, transista haizimiki vizuri na umeme unavuja.

Oksaidi zinafungua njia nyingine. Ndani ya bariamu titaneti, atomu ya titani husogea kidogo upande mmoja wa kizimba chake cha oksijeni. Uga wa umeme huihamishia upande wa pili, na uga ukiondolewa atomu hubaki pale ilipo. Hiyo ni moja au sifuri ya data inayodumu bila kulishwa umeme. Linganisha na kumbukumbu kuu ya kompyuta, ambayo chaji zake huvuja hadi kila seli inaburudishwa takriban kila milisekunde 64, data itumike isitumike. Halafu utando ukiwa mwembamba, volti inayohitajika kugeuza mwelekeo hupungua, na nishati ya kila badiliko hupungua nayo.

Wengine hudhani kumbukumbu za namna hii bado ni ndoto. Zimeuzwa tangu miaka ya 1990. Udhaifu wao ni kwamba kusoma seli hufuta kilichomo, kwa hiyo huandikwa upya papo hapo.

Dhana: Oksaidi zitaiondoa silikoni.

Hapana. Zinaingia ndani yake. Safu ya oksaidi ya silikoni kwenye lango la transista (sehemu inayoiwasha na kuizima) ilipofikia unene wa nanomita moja na kitu, elektroni zilianza kupenya. Mwaka 2007 kampuni ya chipu ya Intel ilianza kuuza chipu zenye oksaidi ya hafniamu mahali hapo.

Kazi ngumu ni kuunganisha perovskaiti na silikoni. Silikoni ikikutana na oksijeni kwenye moto mkali hujifunika kwa safu isiyo na mpangilio wa fuwele, na utando wa juu unakosa safu za kufuata. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walionyesha namna ya kukuza strontiamu titaneti moja kwa moja juu ya silikoni. Mwaka 2016 ikaja njia nyingine: kukuza utando juu ya safu ya oksaidi inayoyeyuka majini, kisha kuubandua na kuuhamishia popote. Hiyo inasaidia sana, kwa kuwa chipu iliyokwisha kujengwa haistahimili moto unaozidi nyuzi 400 hivi.

Oksaidi ya hafniamu ina nafasi nzuri zaidi kwa sasa. Mwaka 2011 ilichapishwa kwamba tando zake za nanomita kumi hivi, zikichanganywa na silikoni kidogo, hushika mwelekeo wa chaji kama bariamu titaneti, na viwanda tayari vinajua kuikuza. Kinachowasumbua watafiti ni kwamba mwelekeo huo hubadilika nguvu katika mizunguko ya kwanza ya kuandika, kisha huchoka baada ya mizunguko mingi.