Huduma ya Kwanza ya Kisaikolojia Wakati wa Mlipuko wa Maradhi

Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni msaada anaopewa mtu aliyefikwa na jambo zito, pale pale alipo, kabla ya kumfikia mtaalamu. Si tiba. Sheha, mwalimu wa skuli au jirani anaweza kuitoa akipata mafunzo mafupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unaigawa kwa vitendo vitatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha.

Korona ilipoingia Zanzibar Machi 2020, hoteli zilifungwa na waliokuwa wakilisha familia kwa kazi za Nungwi na Paje wakakosa mshahara. Katika hali kama hiyo muangalie anayejitenga, asiyelala, anayegawa vitu vyake au anayesema yeye ni mzigo kwa watu.

Kusikiliza ndiko kunakoharibika zaidi, kwa sababu msikilizaji hukimbilia mawaidha. Ukimwambia mtu imani yake imepungua, atanyamaza na kuondoka na siri yake. Imamu mwenye subira ni msaada mkubwa, lakini kwanza mwache mwenyewe amalize. Kisha muulize waziwazi: "Mwanangu, umewahi kuwaza kujiua?" Swali hili halimtii mtu wazo hilo; mara nyingi humpa nafuu kwamba sasa anaweza kusema. Akikubali, uliza kama ameshapanga namna na wakati. Ikiwa ameshapanga, asiachwe peke yake hata anapokwenda kulala, na dawa, sumu za shambani na vyengine vya hatari viondolewe nyumbani siku hiyo hiyo.

Kuunganisha si kumwambia "nenda hospitali" ukaishia hapo. Fuatana naye. Hatari ikiwa ni ya sasa hivi, mpelekeni hospitali yoyote iliyo karibu, usiku au mchana. Kwa Pemba ni Chake Chake, Wete au Mkoani. Unguja ipo pia hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu.

Aliye karantini anahitaji utaratibu wake. Ahadi ya "nitakupigia" haitoshi: mpangieni wakati mmoja maalumu kila siku, tuseme baada ya alasiri, apigiwe na mtu yule yule, na atumiwe vocha ili naye aweze kupiga usiku. Asipopokea mara mbili, mtu avae barakoa aende hadi dirishani kwake, amwite kwa jina mpaka aitike. Asipoitika, mlango ufunguliwe.