Iona hakukosa pole, alikosa matanga

Nikiwapa wanafunzi wangu wa fasihi hapa Arua, Uganda, hadithi ya Kirusi, mmoja lazima aulize: mwalimu, theluji inatuhusu nini? (Milima ya Rwenzori ipo, lakini nani kwetu ameigusa theluji yake?) Walimu wengi hukimbilia kujibu kwamba binadamu wote ni sawa, dhamira inaandikwa ubaoni, na hadithi inafia hapo. Mimi nataka wakae na theluji kwanza.

Katika hadithi fupi ya Anton Chekhov ya mwaka 1886, mzee Iona Potapov anaendesha gari la farasi jijini Petersburg. Theluji imemfunika yeye na farasi wake, wala hajipangusi. Amefiwa na mwanawe wiki hiyohiyo. Abiria wa kwanza, afisa wa jeshi, anamuuliza hata mtoto amekufa na nini. Iona anageuka aeleze: homa, siku tatu hospitalini. Mara afisa anamwambia aendeshe, watachelewa. Wanapanda vijana watatu. Mmoja anakohoa, anajifuta midomo, anasema sote tutakufa, haya twende.

Kwa hiyo pole, za juujuu angalau, zipo. Anachokitaka Iona ni kusimulia kwa utaratibu: mwanawe alianzaje kuugua, alisema nini kabla ya kukata roho, mazishi yalikuwaje, nguo zake zilichukuliwaje hospitalini. Wanafunzi wangu wanayajua maswali hayo kwa mpangilio uleule, maana matangani kila mgeni anayefika huyauliza, na mfiwa huanza upya hata kama ameshasimulia tangu asubuhi. Iona ametoka kijijini, analala na waendeshaji wenzake, na mjini hana wa kumkalia kitako. Ndiyo maana mwishowe anamsimulia farasi. Wanaocheka mwanzoni wakishafikiria matanga hawaoni tena kichekesho.

Theluji ina kazi yake hapo: inaonyesha mtu asiye na hata mkono wa kumpangusa. Ukiiondoa ili hadithi ifanane na kwetu, umeondoa upweke wenyewe.

Kisha nawaambia waache kujitafuta kwa Iona, kila msomaji hupenda kuwa yule anayeonewa. Wajitafute kwa abiria. Muhula huu binti mmoja alimchagua afisa: mtu wa boda alikuwa akimweleza habari za mkewe aliyelazwa, naye akamjibu, "Songa kaka, nimechelewa."