Vichekesho vya mapambano vya maswahiba wavuta bangi: ni filamu za aina gani, na hupendewa nini

Katika sinema ya Marekani kuna kundi la filamu ambazo wahusika wake wakuu ni marafiki wawili wavuta bangi, watu wasio na haraka wala makuu, ambao kwa bahati mbaya huangukia katika mkasa wa bunduki, wauaji na magari yanayofukuzana. Filamu hizo zimezaliwa na aina mbili zilizotangulia. Ya kwanza ni kichekesho cha wavuta bangi, kilichopata umbo lake mwaka 1978 katika Up in Smoke, ambamo Cheech Marin na Tommy Chong wanavuka mpaka kutoka Mexico wakiendesha gari lililotengenezwa kwa bangi, nao hawana habari. Ya pili ni filamu ya mapambano ya watu wawili wasiopatana wanaolazimika kushirikiana, kama vile 48 Hrs. ya mwaka 1982, ambamo polisi anamtoa mfungwa gerezani kwa saa 48 ili amsaidie kuwasaka wahalifu.

Mfano ulio kamili kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Pineapple Express ya mwaka 2008, iliyoongozwa na David Gordon Green na kuandikwa na Seth Rogen na Evan Goldberg. Dale Denton, kijana ambaye kazi yake ni kuwafikishia watu samansi za mahakama, anashuhudia mauaji akiwa ndani ya gari lake, anataharuki, na katika kukimbia anaangusha msokoto aliokuwa akiuvuta. Bangi iliyomo ni ya aina adimu sana, na muuaji, ambaye ndiye mfanyabiashara mkubwa wa bangi mjini, anauokota, anauonja na kutambua mara moja umetoka kwa nani. Hivyo starehe ya Dale ndiyo inayomsaliti, na pamoja naye anaponzwa Saul Silver, muuzaji aliyemuuzia.

Sehemu kubwa ya kicheko hutokana na mgongano wa miendo miwili. Filamu ya mapambano humtaka shujaa wake, yule ambaye katika mabanda ya video ya kwetu huitwa steringi, awe mwepesi wa mwili na wa akili, ilhali bangi humfanya mtu awe mzito, msahaulifu, na mwepesi wa kuzama katika mazungumzo yasiyo na mwisho hata pale ambapo kila sekunde ina thamani. Dale na Saul wanapopigana na Red, mwenzao aliyewasaliti, hakuna hata mmoja kati ya watatu hao anayejua kupigana, kwa hiyo wanavunja samani, wanagongana na kuta na kuokota chochote kilicho karibu, wakihema kama watu wanaohamisha kabati. Baadaye, katika kufukuzana kwa magari, Saul anajaribu kukipiga teke kioo cha mbele cha gari kilichochafuka ili aone njia, mguu unapenya na kunasa, naye analazimika kuendelea kuendesha akiwa hivyo. Mtazamaji ambaye ameshaona mamia ya steringi wasiokosea hupata raha ya pekee kuwaona watu wanaofanya kile ambacho huenda yeye mwenyewe angekifanya.

Kuna pia suala la woga. Inajulikana kwamba bangi inaweza kumtia mvutaji shaka na hofu zisizo na msingi, akadhani anafuatwa au anasikilizwa, na vichekesho vya zamani viliicheka hofu hiyo kwa sababu haikuwa na ukweli. Mkasa wa mapambano huigeuza: sasa wauaji wapo kweli, na mtu anayeshtushwa na kila mlio ana haki ya kushtuka, ingawa bado anashtuka kupita kiasi na mara nyingi kwa jambo lisilo lenyewe. Tunamcheka na kumwogopea kwa wakati mmoja.

Lakini kinachozifanya filamu hizi zirudiwe kutazamwa, nadhani, ni urafiki. Saul anamwona Dale kuwa rafiki yake. Dale anamwona Saul kuwa mtu wa kununua kwake na kuondoka, na mwanzoni anatafuta kila kisingizio cha kutokaa. Bila hatari, uhusiano huo ungebaki wa mteja na muuzaji. Katika filamu za kawaida za mapambano, wanaume hufikia kuoneshana upendo pale tu mmoja anapokaribia kukata roho. Hapa wanaambiana waziwazi kwamba wanapendana, na ulevi wao unawapa ruhusa ya kusema bila kuona haya. Baada ya vita vyote wanaketi mgahawani na kusimuliana yaliyowapata, kama vijana waliotoka kutazama picha. Wanawake, kwa bahati mbaya, hawapewi nafasi katika udugu huo: mpenzi wa Dale anaingia na kutoka katika hadithi bila filamu kujua la kumfanya.

Kwa muda mrefu mikasa hii yote ilisimama juu ya sheria. Kwa kuwa bangi ilikuwa haramu, mvutaji alimhitaji muuzaji wa siri, muuzaji alikuwa na wakubwa wake, na wote waliwaogopa polisi, hata kosa dogo likaweza kumfikisha mtu mbali. Harold na Kumar, maswahiba wengine wavuta bangi, ambao katika filamu yao ya kwanza ya mwaka 2004 walikuwa wakitafuta baga tu, katika ile ya mwaka 2008 wanapelekwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani lililoko Cuba, baada ya chombo chao cha kuvutia bangi kudhaniwa ndani ya ndege kuwa bomu. Wapiga kura wa California, jimbo lenye Hollywood yenyewe, waliidhinisha matumizi ya bangi kwa watu wazima mwaka 2016, na maduka ya leseni yakaanza kuiuza Januari 2018. Katika jimbo hilo Dale wa leo angeweza kununua dukani na kupewa risiti, na mwandishi anayetaka kumkutanisha na Saul atalazimika kubuni sababu nyingine, au kuirudisha hadithi yake katika miaka ya nyuma.