Mvua pekee haimalizi theluji

Wengi huamini kwamba mvua kubwa ikinyesha mwishoni mwa majira ya baridi, theluji yote ardhini itayeyuka usiku mmoja. Imani hiyo ni ya zamani, lakini hesabu inaikanusha. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji takriban kilojuli 334. Kilo moja ya maji ya mvua yenye nyuzi 5 za Selsiasi, ikipoa hadi sifuri, hutoa kilojuli 21 tu. Kwa hiyo milimita 50 za mvua hiyo huyeyusha theluji yenye maji ya milimita 3 hivi. Ni kidogo mno.

Kinachoila theluji kwa kasi ni upepo wa joto wenye unyevu. Mvuke ukigeuka maji juu ya theluji, kila kilo yake hutoa joto la kuyeyusha zaidi ya kilo 7 za barafu. Upepo huo ndio wa kuogopwa, hasa na wanaoishi kando ya mito.

Mbona basi kina cha theluji hupungua sana baada ya mvua? Theluji imeshindiliwa, chembe zake zimesogeleana, na sehemu ya mvua imenaswa humo. Ndani kukiwa bado chini ya sifuri, maji hayo huganda papo hapo. Tabaka lililopungua sentimita kadhaa laweza kubeba maji mengi kuliko jana.