Nguruwe Akihara: Sampuli Kwanza, Sindano Baadaye

Wafugaji wanatulalamikia sisi wa maabara kwamba wanaleta kinyesi cha nguruwe anayehara, wanalipia kipimo, kisha wanajibiwa bakteria hawakuota. Tukiuliza historia ya mnyama, mara nyingi tunakuta alishachomwa sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, siku mbili kabla. Dawa ikishaingia, bakteria wanaweza wasiote hata kama ndio waliomfanya mnyama huyo augue.

Kwa hiyo chagua nguruwe wawili au watatu walioanza kuhara karibuni na ambao hawajapewa dawa. Vaa glavu, chukua kinyesi kwenye njia ya haja kubwa, si sakafuni, takriban gramu 10, uweke kwenye kopo safi lenye mfuniko. Andika umri, tarehe, siku alipoanza kuhara na chakula anachokula. Lisafirishe kwenye kiboksi chenye barafu, bila kugandisha kinyesi, lifike ndani ya saa 24. Fomu ijazwe na ofisa mifugo.

Umri hutupa mwanga mapema. Kitoto cha siku moja hadi tatu kinachohara damu na kufa haraka hutufanya tushuku bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Kuhara maji baada ya kuachishwa kunyonya mara nyingi husababishwa na bakteria E. coli. Kinyesi chenye kamasi na damu kwa nguruwe wanaokua huashiria Brachyspira hyodysenteriae, bakteria anayeshambulia utumbo mpana. Lawsonia intracellularis hunenepesha ukuta wa utumbo mwembamba; bakteria huyu haoti kwenye sahani za kawaida za maabara, hivyo hutafutwa kwa PCR, kipimo cha vinasaba.

Kuhara damu peke yake si uthibitisho wa Homa ya Nguruwe ya Afrika, ugonjwa hatari wa virusi, wala si uthibitisho kwamba haipo. Wakubwa kwa wadogo wakipata homa kali na kufa kwa mfululizo, usipasue, usiuze, usihamishe. Toa taarifa siku hiyo hiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2003 inataka taarifa itolewe, na anayeficha ugonjwa au kusafirisha nguruwe bila kibali anaweza kushtakiwa.

Tiba hufuata majibu. Dawa ya tiamulini husaidia dhidi ya Brachyspira, lakini ikikutana mwilini na monensini au salinomisini inaweza kuua nguruwe. Hizi mbili za mwisho huwekwa kwenye baadhi ya vyakula vya kuku, na tunajua wapo wanaowalisha nguruwe chakula cha kuku. Mwambie daktari ukweli. Wakati huohuo mnyama apewe maji yenye chumvichumvi maalumu za kurudisha maji mwilini, maana vitoto vingi huuawa na ukosefu wa maji mwilini.

Tunasikitishwa na imani kwamba nguruwe ni mchafu kwa asili, hivyo kuhara ni kawaida yake. Akipata nafasi ya kutosha, nguruwe hujisaidia mbali na anapolala. Kinachomchafua ni banda lenye msongamano na sakafu isiyokauka. Kundi likitoka, ondoa kinyesi chote, osha kwa sabuni, puliza dawa ya kuua vimelea, liache banda likauke kabisa. Tega panya, kwani hubeba Brachyspira kwa miezi kadhaa. Nguruwe wapya watengwe wiki nne, wahudumiwe mwisho, kwa buti na ndoo zisizotumika kwa nguruwe wengine.